Huyo Mwenzako wa Meza ya Pili

Nyumbani kwako,
Chumba cha mbele, penye dirisha la barabarani.
Jumapili, vyombo vya mchana vimeshaoshwa.

Mpendwa mjukuu wangu, mke mwenzangu, Chiriku wangu,

Hujambo? Umeamkaje? Umekula? Usingizi unakuja wenyewe au bado unautafuta? Kichwa je, na lile bega la kushoto? Nakuuliza yote kwa mpigo kwa sababu hapa hakuna haja ya kunijibu. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Barua haiiti, haitetemeki mezani, na ukiichoka unaikunja unaiweka chini ya mto, nayo inanyamaza.

Mimi sijambo. Magoti yananisumbua asubuhi, yakishapata moto yananisahau. Macho yanaona mbali kuliko karibu, yaani namwona jirani anavyompunja mteja wake lakini tundu la sindano silioni. Mama yako mkubwa hajambo. Ndiye anayeshika kalamu, maana mimi unanijua, shule niliipita kwa nje nikiwa na kuni kichwani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinitengenezee maneno. Nikisema pumbavu, aandike pumbavu.

Sasa nianze na linalonikaa kooni.

Ujumbe wako ulifika Jumatano. Mama yako mkubwa alinisomea kwenye simu yake, nikamwambia arudie, akarudia, nikamwambia labda ameruka mahali. Umesema daktari wa kazini kwenu amekupa mwezi mzima wa kupumzika, kwamba mwili ni mzima ila akili imechoka. Umesema unataka nikuamulie: uje nyumbani, au ukakae kwa Mamkubwa. Nikauliza, Mamkubwa yupi? Mama yako mkubwa namjua, nilimzaa mimi, kwa shida, alitanguliza miguu. Yuko hapa anaandika na sasa hivi anacheka. Kumbe Mamkubwa ni huyo mama wa meza ya pili kazini kwenu.

Mjukuu wangu, sikufichi. Nina wivu. Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa na macho yanayotembea, na hata siku alipochelewa kurudi akanukia manukato ya watu sikuumia hivi. Miaka yote nimekuita mke mwenzangu kwa utani. Sasa nimeletewa mke mwenza wa kweli, na mume tunayemgombania ni wewe.

Kazi yako naijua kwa vile ulivyonieleza zamani, ulipokuwa bado una maneno ya kunigawia. Chumba kirefu, meza zimetengwa kwa mbao, kila mtu na vidude vyake vya masikioni na kawaya ka kusemea. Maji yamekatika, mtu anakupigia wewe. Bili imekuja kubwa, wewe. Bomba limepasuka barabarani, wewe, utadhani ulilipasua kwa meno. Na wote wanaanza na matusi, salamu baadaye, kama zipo. Halafu wenzako wakaacha kazi mmoja mmoja. Viti vyao vikabaki vitupu, lakini simu zao hazikuondoka nao, zikahamia kwenu mliobaki. Ulisema ukutani kuna namba nyekundu inayoonyesha watu wangapi wanasubiri, na kwamba namba ile sasa unaiota. Nilikwambia usiitazame. Ukasema, "Bibi, kuitazama ndiyo kazi."

Huyo mwenzako nilimsikia mara ya kwanza kwa habari ya kitambaa. Kwamba yeye ndiye aliyeanzisha. Mtu akishatukanwa mpaka sauti inaanza kumtetemeka, anatupa kitambaa juu ya ule ubao wa kutenga meza, na jirani akikiona anaelewa, anaivuta simu inayofuata ya mwenzake aipokee yeye, ili mwenzake ashushe pumzi na kunywa maji. Kwamba msimamizi aligomba, akasema kila mtu na simu zake, kisha akaona watu wamepunguza kulia akanyamaza. Jambo zuri. Nikalisifu. Mpaka uliponiambia kitambaa unachotumia wewe ni kile cha bluu chenye pindo. Kile nilikununulia mimi. Nilikupa ufunge kichwa, si umpungie mwanamke mwingine aje kukuokoa. Siku ile sikusema, nasema leo.

Tangu hapo kila simu ni yeye. Yule mama kaniletea chai ya chupa. Yule mama kanichua bega. Yule mama kamfuata msimamizi nibadilishiwe zamu, na kakubaliwa. Mimi huku nameza mate. Nilikuuliza umri wake, ukasema hamsini na kitu. Nikauliza watoto, ukasema wameshaoa na kuolewa. Basi nikajua: ana nyumba tupu, anatafuta wa kuijaza, na kaona wangu.

Nikakuuliza, mkitoka zamu mnaongea nini? Ukasema hamwongei. Mnakaa kwenye ngazi za nyuma, mnakunywa chai, mnatazama ukuta wa jengo la pili, kisha kila mtu anashika njia yake. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko chai na bega. Nilijua unanificha. Wanawake wawili wakae kimya bila kuwa wamegombana? Mimi na fundi cherehani wa mlango wa pili tukinyamaza kidogo tu, mmoja anamgusa mwenzake paji la uso kuona kama ana homa. Na wewe hukuzaliwa bubu. Hatukukuita Chiriku kwa bahati mbaya. Ulianza kusema kabla ya kutembea, ukasema mpaka ulipolala, na ukilala mguu wako uliendelea kunieleza kitu.

Nikaona dawa ni kukupigia zaidi, nimshinde. Asubuhi kabla hujaingia, mchana ukila, jioni ukitoka. Ukijibu kwa kifupi, mimi narefusha. Nikakupa habari za paka, za mfereji ulioziba, za mjomba wako na ile pikipiki yake isiyowaka. Ukisema "mh" naongeza chumvi.

Halafu ikaja ile Ijumaa. Nilipiga, ukapokea kabla haijaita sawasawa, ukaniambia kwa sauti laini ya mtu nisiyemjua, "Asante kwa kutupigia, nikusaidie nini?" Nikadhani ni utani. Nikasema nisaidie mume mwenye meno. Hukucheka. Ukanisikiliza mpaka mwisho, ukasema, "Pole kwa usumbufu," ukauliza kama kuna lingine, ukakata. Mimi, niliyekutoa kamasi kwa kidole changu, nikapewa pole kwa usumbufu. Nikapiga tena nikugombeze, ikaita mpaka ikachoka. Niliwaambia watu wote wa barabara hii. Nikasema mtoto kaharibiwa, kafundishwa maringo, na mwalimu wake anakaa meza ya pili.

Kwa hiyo Jumatano uliponiuliza uje kwangu au uende kwake, sikuhitaji kufikiri. Nilitoa godoro lako juani. Nikamwambia mjomba wako apake chokaa kile chumba cha pembeni. Na nikamwamuru mama yako mkubwa aitafute namba ya huyo mwanamke, maana nilikuwa na neno naye.

Nilimpigia. Nikajitambulisha kwamba mimi ndiye mwenye mtoto. Nikamshukuru kwa chai, nikamwambia chupa yake arudi nayo kwake. Nikamwambia mtoto wa watu haokotwi kama kuku wa njiani. Nikamwambia na mengine ambayo mama yako mkubwa amekataa kuyaandika. Nikangoja anikatize ili nipate moto wa kuendelea, hanikatizi. Mjukuu wangu, nilisema mpaka maneno yakaniishia. Maisha yangu yote sijawahi kumaliza nilichotaka kusema, siku zote kuna mtu anadandia. Siku ile nilimaliza, nikabaki nimeshika simu kama mtu aliyekwenda ugomvini akakuta wenyewe wamelala.

Ndipo akasema, kwa adabu zote, "Mama, nimekusikia, na hujakosea kumtaka mtoto wako. Ila kuna jambo hajakwambia. Ijumaa ulipopiga mara ya pili alikuwa kwenye choo cha wafanyakazi, simu kaifunga ndani ya sweta, analia. Aliniambia sauti ya bibi yake ndiyo anayoipenda kuliko zote, na masikio yake hayaiwezi tena."

Nilimpa mama yako mkubwa simu nikaenda uani kufua nguo zilizokuwa safi.

Umelia na mimi sipo. Aliyeona ni yeye, aliyekupa maji ya kunawa ni yeye, na siri ya kunihusu mimi anayo yeye. Hapo ndipo wivu uliponikata maini. Mama yako mkubwa akaendelea kuongea naye, na baadaye akaniambia kwamba huyo mama naye aliwahi kuanguka palepale kazini, zamani, kabla yenu. Alikaa siku nzima na namba nyekundu inapanda, kila mtu na simu zake, akasimama kwenda kunywa maji akashindwa kukumbuka mlango uko wapi, akaanguka. Hakuna aliyeinua kichwa. Ndiyo maana alipopata nguvu akaanzisha habari ya kitambaa. Nikasikiliza, na badala ya kumhurumia nikazidi kumchukia, kwa sababu nilikuwa nataka awe mbaya.

Nimefikiri sana tangu siku hiyo. Unajua nilifanya kazi ghalani, kuchagua maharage. Tulikaa safu kwa safu, magunia mbele, mazima huku, mabovu kule, vidole vimekufa ganzi na mgongo si wako tena. Kilichotufikisha jioni ni mdomo. Tulisengenya, tuliimba, tulimwiga msimamizi anavyotembea kama aliyekanyaga msumari. Mwenzako akizidiwa unamsogelea, unamtia maneno, anacheka, gunia linakwisha. Kwa hiyo mtu akiniambia kachoka, mimi namletea maneno. Ndiyo dawa niliyonayo, na nimewatibu nayo wengi, akiwemo mama yako. Lakini wewe maneno ndiyo magunia yako. Kila jioni nimekuwa nakuongezea gunia, nikidhani nakutua mzigo.

Hata hivyo sikukubali kukuachia hivihivi. Nilisema atakuja, nami nitanyamaza, nyumba nzima itanyamaza. Jana mchana nikaingia chumbani kwako, nikalala kwenye godoro lako, nikafumba macho nisikie utakachosikia wewe. Nikasikia cherehani ya jirani. Nikasikia mjomba wako anaipiga pikipiki teke na kuitukana. Redio mbili zinashindana. Kisha nikasikia hodi. Muuza mkaa, kapata habari kwamba unakuja, ana bili yake ya maji mkononi, anauliza kama utamwangalizia kwa nini imepanda, na kampuni yenyewe wala siyo yenu. Nyuma yake mke wa kinyozi, ana lake kuhusu mkwewe, anasema anataka tu mtu wa kumsikiliza. Na mjomba wako, badala ya kuwafukuza, anawavutia viti. Anawaambia wasiwe na wasiwasi, mtoto akifika atawasikiliza wote, ndiyo kazi yake, ana kipaji.

Nilitoka na ufagio. Muuza mkaa nilimfikisha mpaka barabarani. Kuwafukuza kulichukua muda, maana kila mmoja ilibidi nimpe lake.

Niliporudi ndani nikamwuliza mama yako mkubwa, haya, kimya si kimepatikana? Alikuwa anakunja nguo. Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Mama, kelele iliyobaki ni wewe."

Nikasema nitamwonyesha. Tukakaa hapa sebuleni wawili, chai mbele yetu, tukatazama ukuta kama nyinyi. Nikaubana mdomo. Chai haijapoa nikawa nimeshamwuliza kama anaona nilivyo kimya. Tukaanza upya. Mara ya pili nilifika mbali, jasho linanitoka, mpaka fundi cherehani akaja mbio kuuliza kuna msiba gani, mbona sauti yangu haisikiki. Tukacheka mpaka mbavu zikatuuma. Kisha alipoondoka nikakaa peke yangu na kikombe, na nikaona wazi kwamba nyumba hii inakupenda na haitakuacha ulale.

Basi jibu langu ni hili, na nalitoa meno nimeyauma. Nenda kwake.

Nenda ukakae kwenye hiyo nyumba yake tupu. Ulale mpaka uamke mwenyewe, usiamshwe na mtu. Kama anajua kukaa na binadamu bila kumsemesha, ana kitu ambacho mimi sina, na wewe ndicho unachokihitaji sasa. Nimemwambia mama yako mkubwa aliandike hilo haraka kabla sijabadili mawazo.

Lakini asijisahau. Usimwoshee vyombo kama msichana wa kazi, osha sahani yako uondoke. Chai yake kunywa, ila usije ukaniambia ni tamu kuliko yangu, hata kama ni tamu. Bega akuchue, sawa. Nywele asikusuke. Nywele ni zangu, zikae hivyohivyo mpaka uje. Na hilo jina la Mamkubwa livue, lina mwenyewe. Akitaka cheo mwite shangazi, baba yako hakuwa na dada, nafasi iko wazi.

Na kabla hujarudi kazini, msimamizi wenu akae aelezwe kwamba vile viti vitupu vinataka watu. Ukipumzika mwezi kisha ukarudi kwenye simu za watu wawili kwa masikio ya mtu mmoja, tutakuwa tumekufua tukakurudisha matopeni. Na vitambaa vyenu ni vizuri, lakini hata huyo shangazi yako atafika siku ya kuchoka, kisha atamtupia nani? Mwambie aseme yeye, nimemsikia kwenye simu, anajua kusema na watu. Akishindwa, nipe mimi namba ya huyo msimamizi.

Mimi sitakupigia. Simu yangu nimempa mama yako mkubwa, kaifungia kabatini, na nimemwambia nikiiomba aninyime hata nikilia. Ila wewe siku ukitaka, piga ya kwake, ataniletea. Usiseme kitu. Sitakuuliza umekula nini wala nani kakuudhi. Nitaiweka sikioni, nitakusikia unavyopumua, nawe utasikia bibi yako anavyopumua, na tukitosheka tutakata. Nikiteleza nikaanza kusema, wewe kata tu, sitanuna. Nitanuna, lakini hutaniona.

Ukishapona, kwangu ndiko kwa kwanza. Mwambie huyo mwanamke hivyo, kwa maneno yangu haya: nimemwazima, sikumpa.

Mjomba wako anakusalimu, anasema pikipiki imewaka, muongo huyo. Fundi cherehani anakusalimu na anataka vipimo vyako akushonee gauni la kulalia. Muuza mkaa anakusalimu, nilimzuia asiongeze neno. Mama yako mkubwa, yule wa kweli, anakusalimu, mkono umemchoka na ananikodolea macho. Na huyo mwenzako wa meza ya pili, msalimie. Kidogo.

Mungu akushushie usingizi mzito. Akufunike masikio kama mama anavyomfunika mtoto penye upepo, akurudishie kicheko chako chote kama kilivyokuwa, na akuweke mbali na watu wa maneno mengi mpaka utakapowatamani mwenyewe.

Ni mimi ninayekupenda kabla yake, na zaidi yake,

Bibi yako.